Zamu Yangu Kwenye Bomba la Moto

Mtaa wa Mafundi,
Shinyanga,
10 Oktoba 1937

Mpendwa Mjomba Bashiri,

Shikamoo Mjomba. Kabla ya yote nataka kujua hali yako. Kile kifua kilichokusumbua wakati wa masika kimetulia, au bado unakohoa alfajiri? Na Bi Chiku je, macho yake yanaona uzi kuingia tundu la sindano, au sasa anawatungisha wajukuu? Niambie kila kitu, hata yale unayodhani ni madogo, kwa maana Pangani ni mbali na mimi huishi kwa barua zako.

Sisi huku hatujambo, na nina la kukufurahisha. Usiku wa kuamkia Jumatatu ya tarehe 23 Agosti, Mwahija alijifungua salama mtoto wa kike. Tumemwita Chausiku. Ana nywele nyingi na sauti ya kuwaamsha majirani, na mama yake amemaliza arobaini yake akiwa na nguvu.

Mvua bado. Mifugo ya watu wa Samuye inashuka kutafuta maji, na lambo la hapa mjini limekauka hadi limebaki dimbwi la kufika mapajani, chini yake tope tupu. Mwezi wa Shaabani umeandama, basi tunaomba Mungu atufikishe Ramadhani na mvua pamoja.

Sasa Mjomba nije kwenye swali lako. Uliniandikia kwa ukali kwamba umesikia nimeingia kwa wazimamoto, ukaniuliza kama nimerukwa na akili, kwani huko pwani watu wanasema wazimamoto ndio mumiani, wanaonyonya damu za watu. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa na jambo moja zito, na sikutaka kukuandikia nusu yake.

Ni kweli, nimeingia. Na maneno ya mumiani hata huku yalikuwapo. Bomba la kuzimia moto lilipofika kwa treni, limepakwa rangi nyekundu, wanawake waliokota watoto wao wakafunga milango. Basi yule aliyeajiriwa kulitunza, bwana mmoja aitwaye Nkwabi, alilivuta mpaka sokoni siku ya watu wengi, akalifungua nati kwa nati, akazitandaza sehemu zake zote juu ya turubai. Akasema, "Njooni mtazame. Mkiona damu humu, nifungeni kamba." Watu walitazama hadi jua likageuka. Bibi mmoja aliingiza mkono ndani ya silinda, akautoa una grisi, akasema hiki ni kinu tu. Tangu hapo tukapata watu.

Huyu Nkwabi ni Msukuma, mtu mfupi wa miaka arobaini hivi, mkono wake wa kushoto una kovu la moto. Alifanya kazi miaka minne kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita, katika kikosi cha kuzima moto cha huko, ambacho watu wake hulipwa na hufanya mazoezi kila asubuhi. Aliporudi, wafanyabiashara wa hapa, wakiongozwa na Bwana Narendra mnunuzi wa pamba, walikuwa wamenunua bomba la mkono, wakamwajiri yeye peke yake. Sisi kumi na wanane wengine tunajitolea. Wapo waliosema mtu wa kujitolea asidaiwe mengi kama mtu wa mshahara. Nkwabi akawajibu, "Moto haumuulizi mtu kama analipwa."

Mjomba, ulinifundisha cherehani kwa kunifumua mshono mara saba, ukadhani hakuna mwalimu mkali kama wewe. Ungemwona huyu! Kila Ijumaa baada ya Alasiri tuko lamboni. Hutufunga vitambaa usoni tuunganishe mipira ya turubai kwa kupapasa, kwa sababu ndani ya moshi macho hayana kazi. Firimbi moja ni kupiga bomba, mbili ni kuacha. Wanne hushika mipini, wawili kila upande, na hubadilishwa kabla hawajachoka, si baada ya kuchoka. Mpira ukishatumika huoshwa na kutundikwa ukauke, la sivyo utaoza na kukusaliti siku unayouhitaji. Wala hakuna anayepewa mdomo wa shaba, ule wa kurushia maji, kabla hajapita kazi nyingine zote. Bwana Narendra alitaka kuushika siku ya kwanza kwa kuwa ndiye aliyetoa fedha nyingi. Nkwabi alimkatalia mbele ya watu wote, kwa heshima lakini alimkatalia.

Mimi nilipewa kazi niliyoidharau. Bomba lina mipira miwili: mmoja unarusha maji, mwingine unayavuta kutoka lamboni. Ule wa kuvuta una chujio la waya mwishoni, na lazima mtu asimame ndani ya maji alishike lisizame topeni, kwani tope likiziba chujio, bomba linakufa. Mtu huyo ndiye mimi. Wenzangu wanapiga bomba kwa nyimbo, mimi nimesimama kama korongo. Nilimwambia Nkwabi mimi ni fundi, anipe kazi ya akili. Akasema, "Ng'wanawane," yaani mwanangu kwa Kisukuma, "hiyo ndiyo ya akili."

Basi Jumamosi ya tarehe 11 Septemba, watu wanatoka kuswali Adhuhuri, tulisikia kelele. Moto ulikuwa umeshika uani kwa Bwana Narendra, kwenye robota za pamba zilizongoja treni. Ulianzaje, mpaka leo hakuna ajuaye. Upepo ulikuwa mkali, ukivuma kuelekea mtaa wetu, na wewe unaujua mtaa wetu kwa barua zangu: paa zote ni nyasi kavu.

Tulifika lamboni mbio. Mjomba, mazoezi ni kitu cha ajabu. Hakuna aliyeuliza afanye nini. Mipira ilifungwa kabla sijavua viatu. Bwana Narendra alikuja akilia, anamwomba Nkwabi aelekeze maji kwenye pamba yake. Nkwabi alitazama ghala mara moja tu. Akasema, "Bwana, hiyo imekwisha. Nisamehe. Ngoja tuokoe ambayo haijaguswa." Akaanza kulowesha paa za mtaa wetu, za mafukara, na tajiri aliyelinunua bomba amesimama pale. Sijapata kuona ujasiri wa namna hiyo.

Mimi nimo majini, nimeshika chujio. Mbele yangu, kwenye mpini, yuko rafiki yangu Maganga, mpagazi wa stesheni, ambaye nyumba yake ni ya kwanza mtaani kwetu. Maji yanakwenda vizuri. Ndipo mtu akapita mbio akipiga kelele, "Mtaa wa Mafundi unawaka!"

Haukuwa unawaka. Lakini mimi sikuliona hilo, niliona moshi tu, nikamwona Mwahija amelala na kichanga cha siku kumi na tisa. Niliacha chujio, Mjomba. Sikumwambia mtu. Nilitoka majini nikakimbia, na nilipogeuka mara moja, Maganga alikuwa ananitazama.

Nilimkuta Mwahija amekaa kwenye kivuli cha ukuta wa msikiti, mtoto amempakata, majirani wamekwisha kumtolea hata cherehani yangu. Aliponiona sikupata pole. Alitazama suruali yangu inayochuruzika maji, akauliza, "Mpira umemwachia nani?"

Nilirudi mbio kuliko nilivyokwenda. Chujio lilikuwa limezama topeni na bomba limekufa. Nkwabi alikuwa amepiga firimbi mbili, akaja mwenyewe kulisafisha, na kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyekuwa karibu, alimwingiza Bwana Narendra lamboni. Nilimkuta mzee yule, nguo yake nyeupe imeelea juu ya maji, amelikumbatia chujio kifuani, na nyuma yake mali yake yote inateketea.

"Fundi, shika," aliniambia. "Mimi miguu imezama, sitoki bila wewe."

Nikashika. Lakini kwa zile dakika chache ambazo maji yalikatika, cheche zilikuwa zimeangukia paa la Maganga. Yeye aliiona nyumba yake ikishika, pale pale alipo kwenye mpini. Wenzake walimwambia nenda. Alijigeuza akaipa mgongo, akaendelea kupiga bomba. Aliimba, Mjomba. Sauti ilikuwa inakatika, lakini aliuongoza wimbo ili mikono ya watu isipoteze mwendo.

Moto ulikomea kwenye nyumba yake. Nyumba kumi na moja zilizofuata zilisalimika, pamoja na yangu. Hakufa mtu wala mbuzi.

Asubuhi yake nilikwenda kwa Maganga. Nilimkuta anapekua majivu akitafuta majembe yake. Nikamwambia, "Maganga, aliyeichoma nyumba hii ni mimi."

Akasema, "Nilikuona ukikimbia."

"Wewe hukukimbia."

Alinyanyua jembe moja, mpini umeungua wote, akalipuliza majivu. "Apolonia mke wangu yuko Kolandoto kwa dada yake tangu Jumatano," akasema. "Mle hamkuwa na mtu. Angekuwamo, ningekupita njiani. Usinipe sifa isiyo yangu, Sabiti."

Niliinama tukapekua pamoja.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda lamboni kurudisha kitambaa changu cha mkono, kile chekundu cha kikosi, maana sikuona uso wa kuendelea kukivaa. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Nkwabi alituweka kwenye mstari, akaeleza kosa mbele ya wote, bila kulipunguza: bomba lilikufa kwa sababu mtu aliacha zamu, na nyumba ikaungua. Nilitazama chini. Kisha akasema, "Hilo ni kosa la Sabiti. Sasa la kwangu. Nilimweka mtu mmoja mahali panapotaka wawili. Na niliwafundisha mikono yenu, sikuuliza wake zenu na watoto wenu watakuwa wapi. Kule machimboni tulikuwa wanaume watupu, tumeacha jamaa mbali. Nimeileta sheria ya kule bila kuipima kwa watu wa hapa."

Mjomba, nimeishi miaka thelathini na minne na sijamsikia mkubwa wa kazi akisema maneno hayo mbele ya walio chini yake.

Akaweka taratibu mpya siku ile ile. Chujio litashikwa na watu wawili. Kila mmoja wetu ataje mahali ambapo jamaa zake watakusanyika kukiwa na moto. Na wazee wawili wa mtaa wamepewa firimbi zao, kazi yao ni kuzitoa kwanza jamaa za watu wa bomba na kuja kutuambia kwa majina: fulani ametoka, fulani ametoka. Mwahija na Apolonia nao huja mazoezini, na ndio waliotuonyesha kwamba kapu likivishwa kwenye chujio tope haliingii. Nkwabi alilijaribu, akakuna kichwa, akasema, "Wabeja," yaani ahsante kwa lugha yao, na sasa kapu ni kifaa rasmi.

Lakini Ijumaa ile, alipokwisha kutaja taratibu zake, aliuliza nani atashika chujio pamoja na Sabiti. Hakujitokeza mtu, nami nikaanza kufungua kitambaa mkononi. Maganga akatoka kwenye mstari, akavua viatu, akaingia majini. "Njoo," akaniambia, "maji yenyewe ya moto."

Bwana Narendra ametoa bati za kuezekea nyumba ya Maganga, ingawa hasara yake mwenyewe ni kubwa. Mimi kila nikifunga cherehani saa kumi huenda kukanyaga udongo, na kuta zimefika madirishani. Apolonia anapika, Mwahija anabeba Chausiku na kutukosoa. Wale waliotuita mumiani sasa hutuletea uji.

Hiyo ndiyo kazi niliyoingia, Mjomba. Ukiniambia niiache nitakusikiliza, maana wewe ndiye uliyenilea. Lakini nakuomba usiniambie. Juzi kwenye mazoezi tulisimama na Maganga, maji mapajani, chujio katikati yetu. Nilitaka tena kumwomba radhi, nikamtazama nikitafuta maneno. Hakugeuza hata shingo. Akasema, "Usinitazame mimi. Tazama chujio."

Nisalimie Bi Chiku, umwambie mjukuu wake mpya ana kidevu chake. Nisalimie binamu Hatibu na Rehmat wake, na mzee Jilala wa pale forodhani ikiwa bado ananikumbuka. Mwahija anakuamkia, na anasema kofia uliyoagiza iko tayari, inangoja msafiri.

Mungu akupe usingizi mwema na kifua chepesi, na atukutanishe tungali tunatambuana.

Ni mimi mwanao wa kulea, nisiyepunguza kukupenda,
Sabiti