Kwa Baba Neema, Kuhusu Ulimi wa Mtoto

Baba Neema,

Jana nusura mwanao akatwe chini ya ulimi. Naanzia hapo maana ndiko moyo wangu uliko, salamu utazipata mwisho.

Neema anakaribia miaka mitatu na hasemi. Hata "mama" hasemi. Anachotaka anakinyooshea kidole, ukichelewa anavuta kanga yako. Kichomi kilipokuchukua alikuwa wa miezi kumi, akibwabwaja "ba-ba-ba" ukimrusha juu. Ile nayo ikakatika. Mimi nikasema ni msiba, utapita.

Mama Atu, jirani yetu hapa Ilomba, ndiye aliyenishika. "Mama Neema, huyo ana uzi chini ya ulimi. Unangoja aote ndevu ndiyo umkate?" Akaniletea mzee wa wembe. Nisikufiche, nilikubali, hata maji nilibandika mwenyewe. Mama Atu kamshika mtoto kichwa, mzee kafungua kikaratasi chake, Neema kapanua mdomo kulia. Nikauona ulimi wake unarukaruka mle ndani, mwepesi, mzima. Hapo nikakumbuka ndege wako.

Unakumbuka yule mzungu wa kule juu, mchunguzi wa ndege, alipokupa kazi ya kulea makinda? Wale wa kifua cha rangi ya chungwa. Kiota kimoja, makinda mawili. Mmoja ulimlea dirishani, jirani na ndege mzima wa aina yao anayeimba. Wa pili mzungu alitaka akae chumba cha ndani, kwenye kapu lililofunikwa, asisikie ndege yeyote. Chakula kilekile, mikono yako ileile. Miezi ikapita. Wa dirishani akaimba mpaka wapita njia wakasimama. Wa kapuni naye akaimba, lakini ule ulikuwa wimbo gani! Vipande vipande, kama mlango wenye bawaba kavu. Nikakwambia, huyo ulimi wake mbovu. Ukacheka, ukampanua mdomo ukanionyesha. Ulimi sawasawa na wa ndugu yake. Ukasema, "Ndege haimbi kwa ulimi, mama. Sauti yake iko chini kifuani, pale bomba la pumzi linapogawanyika. Huyu hana ubovu. Huyu hakusikia."

Nikamwambia mzee afunge wembe wake. Mama Atu akawaka: "Eti hakusikia! Vifaranga vyangu nani kavifundisha kulia?" Nikamjibu kama ulivyonijibu wewe. Jogoo wetu aliatamiwa na bata, na bado akawika kijogoo, maana kuku huzaliwa na sauti yake. Ndege wa kuimba hujifunza kwa wakubwa, na mtu vilevile. Akasema tangu nifiwe akili zangu haziko sawa, wakaondoka.

Nikachukua mfuniko wa sufuria nikaudondosha nyuma ya Neema. Akageuka. Nikarudi nyuma mpaka mlangoni, nikamwita kwa sauti ndogo. Akageuka. Anasikia, Baba Neema! Nikakaa chini nikalia kwa furaha, kisha hofu ikanishika upya. Kama anasikia, amekuwa akisikia nini siku zote hizi?

Naona haya kuandika hili. Nikienda kuchuma pareto namwacha kwa shangazi yangu, asubuhi mpaka jua kuzama. Unamjua shangazi, mpole, anapenda watoto, ila masikio yake yalikufa zamani na sauti ikafuata. Nilimchagua kwa upole wake. Sikufikiri. Mwanao anashinda kutwa kwenye nyumba isiyo na neno. Nami nikirudi nilikuwa nimejaa wewe tu, napika kimya, namlaza kimya. Mimi ndiye niliyemfunika.

Na kuna jambo linanila. Yule wa kapuni mlimtoa baadaye mkamweka dirishani na mwenzake. Alisikia kila siku, wala hakubadilika. Ulisema kuna majira ya kujifunza, yakipita yamepita. Sasa majira ya mtoto wa mtu ni lini? Hukuniambia. Nimemuuliza mke wa mchungaji, hajui.

Leo asubuhi nimemsikia uani ananong'ona peke yake, mdomo haufunguki sawasawa, sauti ndogo isiyo neno. Ulisema kinda huanza hivyo, akijimung'unyia wiki nyingi kabla wimbo haujaja. Nimeshikilia hicho.

Hapa Ilomba sina mwingine wa kumwachia kutwa, kwa hiyo nimeamua. Jumanne tunapanda basi la Iringa, kisha Ilula kwa mama yako. Wajukuu saba kwenye ua mmoja, kelele kutwa. Alishatuma barua: "Mtoto ni wetu, aje. Wewe ukija kukaa, masharti unayajua." Masharti ni mdogo wako. Nilikataa kurithiwa siku ya matanga, na leo nakataa. Basi nitamwacha Neema pale, nirudi Ilomba peke yangu.

Na pale ni Kihehe kitupu. Sisi tulikutana kwenye Kiswahili. Kisafwa changu hukukijua, Kihehe chako sikukitaka, nikakutania kwamba kina milima mingi. Neno la kwanza la mwanangu litakuwa la kwenu. Sitakuwepo kulisikia, na ningekuwepo nisingelielewa. Nimelikubali hilo, mume wangu. Limenichukua usiku kucha, lakini nimelikubali. Afadhali aseme nisimwelewe.

Mama Atu hakusalimii, bado amenuna. Shangazi anakusalimu kwa mikono.

Pumzika sasa. Nakuahidi jambo moja. Kihehe najua "kamwene" tu, na hiyo ni salamu. Kuna mama wa kwenu ninayechuma naye pareto, nimemwomba anifundishe. Kacheka mpaka kakaa chini, halafu kakubali. Baada ya mavuno nitakwenda kumwona Neema, na lolote atakaloniambia, nitamjibu.

Mimi mkeo,
Mama Neema