Injini ya Mzee Arap Soi

Jumatatu, 10 Juni 1996
Nimeshusha injini. Imenichukua saa tano nzima, mimi na mnyororo na mti, hapa nyuma ya posho mill, mashine ya kusaga unga. Pickup ni ya Mzee Arap Soi, anayebeba maziwa ya majirani zake kuyaleta hapa sokoni Silibwet. Ya mwaka wa sitini na tisa, gia kwenye usukani. Silinda zimelika, moshi wa buluu. Mzee anataka nguvu ya kupanda mlima na mzigo, na iwake kila asubuhi hata kukiwa na baridi. Mbio hataki.

Mimi nazitaka. Foreman Rono ana pickup kama hii, aliyoitengeneza mwenyewe. Kila Jumamosi anapita watu kwenye mlima wa kanisa akipiga honi. Nataka nimpite, watu wakiona.

Jumatano, 12 Juni
Block, chuma chenye silinda, iko Kericho, inachongwa. Nimekaa bure, na nikikaa bure namfikiria Rono. Niandike mara moja niache.

Miaka kumi na moja nilikuwa fundi kwenye karakana ya shamba la chai. Rono alikuwa mkubwa wetu. Injini ya trekta ikafa. Kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, kukapatikana kitambaa, kimeziba njia ya oili. Injini hiyo aliifunga yeye. Siku hiyo mimi nilikuwa nimepeleka mtoto kliniki. Akamwambia meneja ni mimi. Wiki haikuisha, sina kazi, sina nyumba. Mke wangu Akinyi na watoto wakaenda kwa mama yangu, kule Ahero. Rono alisimama mlangoni akikagua vitanda tunavyotoa, eti tusiibe vya kampuni.

Vitanda. Hapo ndipo siwezi kusamehe.

Jumamosi, 15 Juni
Block imerudi, silinda zinang'aa. Pistoni kubwa zaidi zimeingia sawasawa. Hedi, kifuniko cha silinda, nimeikwangua kidogo. Kabureta nimepata kubwa, kutoka gari lililogongwa. Imebaki kamshafti, chuma kinachofungua valvu. Ninazo mbili. Moja ya kawaida, inavuta kuanzia chini, injini ikizunguka polepole. Nyingine ilitoka kwa gari la mashindano. Chini imelala, juu, kwa mbio, inapaa.

Mzee anahitaji ya kwanza. Nimefunga ya pili.

Najua nilichofanya.

Jumanne, 18 Juni
Imewaka. Nimeijaribu barabara ya Bomet, bila mzigo. Ikichanganya inaruka. Nilicheka peke yangu ndani ya gari. Ni kama nilimwona Rono kwenye kioo, anabaki nyuma.

Nimemkabidhi Mzee. Amenishukuru sana.

Alhamisi, 20 Juni
Aibu.

Mzee amekuja kwa miguu. Jana ilimzimikia mlimani na mzigo. Leo tena, na ikarudi nyuma kabla breki hazijashika. Mikebe ikaanguka, maziwa ya watu yakamwagika barabarani. Mke wake, Mama Chelangat, alikuwa nyuma akishikilia mikebe. Amevunjika mkono wa kulia. Wamemfunga plasta hospitali ya Longisa.

Mzee hakunigombeza. Aliketi juu ya tairi.

"Onyango," akasema, "hii gari ulitengenezea mimi, ama kuna mtu mwingine?"

Nilimwambia yote. Rono, kitambaa, vitanda.

"Basi ya huyo mtu toa," akasema. "Weka yangu."

Ijumaa, 21 Juni
Nimefunga ile kamshafti ya kawaida. Jioni nilienda kumwomba msamaha Mama Chelangat. Alinikaribisha mursik, maziwa yao ya mgando, akaniomba radhi kwa sababu ananipa kikombe kwa mkono wa kushoto. Yeye ndiye aliyeniomba radhi. Nilimaliza kikombe bila kumtazama.

Nikirudi nilimlaani Rono njia nzima. Ilikuwa rahisi kuliko kujilaani.

Jumamosi, 29 Juni
Mzee aliniambia niendeshe. Mikebe kumi na minne, yote imejaa. Chini ya mlima wa kanisa Rono akatokea nyuma, akapiga honi, akanipita. Hakuwa amebeba kitu. Niliiacha kwenye gia ya tatu. Katikati, pale panapoinuka zaidi, yake ikaanza kukohoa moshi wa buluu, silinda zimelika kama za Mzee zamani. Akatafuta gia ya chini, ikamkataa. Yangu inavuta tu, haina haraka. Nikampita. Watu wa soko wamesimama wanaangalia. Sikupiga honi. Nilimtazama mpaka akaangalia kando.

Nisijidanganye. Nilisikia raha. Raha kabisa.

Jumatatu, 1 Julai
Rono amekuja gereji, kofia mkononi. Anataka injini kama ya Mzee. Mzee alikuwepo, na wateja wanne.

"Kwanza sema kile kitambaa kilikuwa cha nani," nikamwambia.

"Onyango, hayo ni mambo ya zamani."

"Sema."

Akaigeuza kofia mkononi. Mashine ya kusaga ikasimama, na bado anaigeuza. Kisha akavaa kofia akaenda.

Hakusema ni chake. Lakini wote walisikia kwamba hakukana.

Sikushika spana mpaka jioni.

Jumapili, 14 Julai
Mvua. Kanisani sikuenda. Nimefua ovaroli, hazikauki. Wiki hii nimepata injini mbili, moja imetoka mbali, Londiani.

Rono hajarudi. Sijamsamehe, na sidhani nitamsamehe.

Nimepika chai nikakaa mlangoni, naangalia maji yakishuka kwenye mabati. Nikiandika jina lake sasa hivi ndipo nimegundua. Tangu Alhamisi sikuwa nimemkumbuka.