Namba Saba ya Safu ya Nne

Maman,

Jumapili nililia kwenye kaburi la mtu mwingine. Naanza na hilo kwa sababu najua ungecheka, na tangu uondoke hakuna anayenicheka ofisini. Wananihurumia tu, na huruma yao imenichosha.

Mvua ilikuwa imeosha rangi ya misalaba, wako pia. Majina yalikuwa yamefutika, zimebaki namba tu, na yako ni saba. Nikaiona saba, nikapiga magoti, nikakueleza kila kitu, mpaka mlinzi wa makaburi akaja nyuma yangu na kusema polepole: "Dada, ule ni mzee wa Kamembe, alikuwaka shoferi. Kila safu iko na saba yake." Wewe uko safu ya nne. Mimi nilikuwa ya pili. Nikahamisha maua, nikamwomba radhi mzee wa watu, lakini machozi yalikuwa yamekwisha. Wewe ulipata mabaki.

Nikiwa kwenye pikipiki kurudi nyumbani ndipo nilipokusikia. Maneno yale yale ya mwaka wangu wa kwanza wa kazi chini yako, nilipokuletea jedwali langu la kwanza nikijiona nimefika: "Wee mutoto, namba bila kwabo ni muntu gani? Ukiita Maman Kevin pale gare ya Kamembe, kwenye mabasi, bamama kumi batageuka. Uliza kwanza: wa wapi?"

Nikaogopa. Nikakumbuka jaribio lako la mbegu mpya ya mpunga.

Ulikufa kabla ya mavuno, na hesabu zako akapewa mwenzetu wa Kigali. Hakuwa na ubaya. Aliona bloku, yale mafungu ya viwanja vya mfereji mmoja, zimeandikwa moja, mbili, tatu, akaziingiza kwenye modeli ya kompyuta hivyo hivyo. Hajawahi kukanyaga matope ya bonde la Bugarama. Hakujua kwamba kila bonde linaanza kuhesabu bloku zake upya, kama kila nyumba inavyohesabu watoto wake. Kompyuta ikachukua bloku ya tatu ya Bugarama na bloku ya tatu ya bonde la Giheke, ikazifanya kitu kimoja, kana kwamba zinanywa mfereji mmoja. Tofauti za bloku kwa bloku zikapotea humo, na mbegu yako ikang'aa kuliko ya zamani.

Bosi alifurahi mno. Alikwishaamua mbegu iitwe jina lako, Konsolata, na iandikwe kwenye magunia. Sherehe ilikuwa imepangwa.

Jumatatu nikafungua faili. Nikaweka ule mkwaju mdogo, kile kistari cha mshazari, kati ya neno bonde na neno bloku, ule unaoiambia kompyuta kwamba bloku hii ni ya bonde hili na si ya jirani. Nikabonyeza. Mbegu ikaanguka, Maman. Sisemi ni mbaya. Modeli ilisema tu kwamba hatujui. Wewe unawajua watu wetu: bloku nzima hupanda siku moja, mbegu moja, kwa sababu maji yao ni ya pamoja. Kwa hiyo mbegu tuliipa bloku nzima, hatukukipa kiwanja kimoja kimoja. Viwanja vilikuwa vingi, lakini bloku zilikuwa chache, na baadhi zina mfereji mzuri kuliko nyingine. Nani atatuambia kilicholeta mavuno ni mbegu au ni maji?

Siku hiyo nilikukasirikia. Ungenifundisha ovyo, leo ungekuwa na jina lako sokoni. Hakuna ambaye angejua. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini hii niliiona ndefu na ina lami.

Nikampelekea bosi matokeo. Alitazama picha yako pale ukutani, halafu akaniambia, "Unajua unamzika mara ya pili?" Nilitoka nikaenda chooni nikalia, na safari hii nilikulilia wewe kweli.

Alifuta sherehe. Kwenda kuwaambia wakulima akaniachia mimi.

Walikuwa wamekuja wengi, wamevaa vizuri, maana walikuwa wamesikia habari ya magunia yenye jina lako. Nikaeleza kama ulivyonieleza, kwa mfano wa Maman Kevin na gare. Hakuna aliyecheka. Mzee Saidi, yule aliyetoka Bugarama na watu wa msikiti kuja kukuzika, akasimama: "Ni kusema Maman alitudanganyaka?"

Nilimwambia hapana, Mzee. Angekuwa hai, angekuja yeye mwenyewe kuwaambia. Akanitazama sana, akakaa. Wengine waliondoka bila kuaga, na wewe unajua kwetu hilo lina maana gani. Mwanamke mmoja alisema ningekuwa na adabu ningengoja matanga yapoe.

Labda ana haki. Nimekuvua jina, Maman, na sijui kama umenisamehe. Usingizi umenikimbia.

Nakuahidi hivi. Msimu ujao kila bloku itagawanywa: nusu mbegu yako, nusu ya zamani, siku moja, mfereji mmoja. Hapo maji hayatakuwa na la kusema. Ni kazi ngumu kuwashawishi. Mpaka sasa bloku ya Mzee Saidi peke yake ndiyo imekubali, na moja haitoshi. Nitakwenda kwa wengine, hata wale wasionisalimia.

Msalaba wako nimeupaka upya kwa rangi ya mafuta. Jina lako lote, halafu safu, halafu namba. Ni hapo peke yake jina lako limeandikwa mwaka huu.

Lala, Maman. Mavuno yakija nitakuletea jibu, liwe zuri au baya, na nitakuambia wewe, sitamwambia yule shoferi.

Zawadi wako