Joto Lako Halikuwa Homa ya Nyika

Mpendwa Mama,

Leo asubuhi nimefungua madirisha yote, na huku milimani Magamba ni mwezi wa saba, baridi kali, ukungu unaingia mpaka jikoni. Mume wangu ameuliza kama nimechoka kuishi. Nimemwambia naungua. Hapo nikakuona wewe, umesimama mlangoni na kanga moja, jasho linakutiririka, sisi tumejikunyata kando ya moto na masweta yetu.

Masweta yenyewe uliyaleta wewe. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikajaa Mombo kule nyika, ulishuka na mapeasi kwenye lori la mboga ukapandisha nguo zetu. Wachuuzi wa Dar walikuwa wakikulalamikia huku wanacheka: "Mama huyu atatuuzia mpaka kapu!" Nawe unawajibu, "Kapu lina bei yake." Nilijisikia raha sana kuwa mwanao.

Kisha likaja lile joto. Usingizi ukapotea, ukawa na hasira za ghafla, majina yakaanza kukukimbia. Uliniita kwa majina ya dada zangu wote kabla ya kulifikia langu. Siku moja ukasahau kapu zima Mombo. Baba hakuwa na shaka: mtu wa milimani akishuka nyika, akirudi anatoka jasho, ni malaria tu. Ukapewa klorokwini. Joto likarudi, ukapewa tena. Mwishowe shangazi akakata shauri: "Wifi, homa ya nyika imekupanda kichwani. Hushuki tena."

Lori likashuka bila wewe. "Siumwi," ulisema, "ila sijielewi."

Jibu lake nimelipata mimi, Mama, nawe uko kaburini. Daktari wa Lushoto kaniambia hedhi ikikaribia kukoma, homoni iitwayo estrojeni hupandapanda na kushuka, halafu hupungua kabisa. Ubongo nao huitegemea, katika kupima joto la mwili, kulala, hata kukumbuka. Kasema wengi hurudi kuwa sawa ubongo ukishazoea. Nikalia palepale. Alidhani naogopa ugonjwa, kumbe nalilia lile lori.

Wengi hurudi kuwa sawa. Huenda nawe ungerudi, ukashuka tena na mapeasi yako. Sijui nilipeleke wapi jambo hili. Na kujua sababu hakujanisaidia kitu, maana joto linakuja vilevile, na maneno yananiponyoka nikiwa katikati ya kuyasema. Nami nashuka sokoni Mombo kama wewe, Mama. Mume wangu ameshaanza kusema nipumzike.

Jana nilitaka kumwita mjukuu wako aniletee maji. Ni yule tuliyemrithisha jina lako. Nilisimama uani, mdomo wazi, na jina halikuja.

Pumzika, Mama. Mimi bado nalitafuta.

Mwanao,
yule uliyekuwa ukimfikia mwisho