Kiondo cha Kendi Kimejikunja

Wanja, mami wangu,

Hapa Siakago mvua bado. Mbuzi wako amezaa mapacha. Nimeanza na hiyo ndio usishtuke na hii ingine.

Unajua metroni wenu, yule mkubwa wa manesi pale hospitali, aliniita? Alisema manesi wamechoka mpaka roho, kwa hivyo wanatafutiwa vitu vya kuwapumzisha. Wengine wanachora, wengine wanaimba, na mimi nije kila Jumatano niwafundishe kusuka viondo. Mimi wa darasa la tatu, wananiita mwalimu. Kuna siku tunacheka mpaka wagonjwa wanachungulia. Nesi mmoja aliniambia hapo ndio mahali pekee analia na hakuna mtu anamwita.

Sasa nikuambie kitu sijaambia hata pasta. Kile kiondo ulikuwa unasuka ukitoka zamu, mistari ya mwisho uliivuta sana, kikaanza kujikunja. Niliona aibu, akina mama wa kanisa waseme mwanangu hajui kusuka. Ulipolala nikaifumua, nikasuka upya, ikakaa sawa. Uliamka ukasema, "Mama, ni vidole tu vimechoka." Nikaamini. Wiki hiyo hiyo ukasinzia kwa boda ukitoka zamu ya usiku, ukaanguka kwa ile barabara ya Gachoka, na hukuamka tena.

Mkono wako ulikuwa unaniambia. Mimi nikafuta.

Jana nilishika kiondo cha Kendi, yule nesi rafiki yako wa Meru mliyekuwa mnaishi naye chumba kimoja. Kimejikunja vile vile. Mistari imekaza, hata kucha haipiti. Nikamuuliza, akacheka, akasema ni vidole tu. Wanja, ni maneno yako yale yale.

Sikufumua. Nilikibeba hivyo hivyo, nikamwekea metroni mezani, nikamweleza. Alivua miwani. Akasema anajua, lakini hana mtu wa kumshikia Kendi zamu mpaka Jumapili. Leo ni Alhamisi, na usiku anaingia tena.

Kwa hivyo kesho asubuhi nitakuwa pale getini kabla hajatoka. Yeye atapanda boda, mimi nitapanda nyuma yake, nimfunge na leso kwangu, vile nilikuwa nakufunga wewe ukiwa mdogo. Jumamosi pia, na Jumapili. Watu wacheke.

Wewe lala, mami. Huyu nitamshika.

Mama yako