Kipimo Ulichokitoa, Ami Faki

Ami Faki,

Sikuandikii kukujulia hali. Hali yako anaijua Aliyekuumba. Nakuandikia kwa sababu huu ni mwaka wa pili uko kaburini, na watu wa kwako Vitongoji bado wananisimamisha njiani kunipa pole kwa ajili yako. Mimi naitikia "nishapoa" huku meno yameumana. Nimechoka kuitikia.

Nianze na mema, nisije nikaambiwa sina fadhila. Wewe ndiye uliyekuja Gando kumkabili kaka yako, baba yangu, aliposema mtoto wa kike haendi kusomea meli. Ulikaa naye tangu alasiri mpaka magharibi, ukamwambia, "Kaka, akili ya huyu ikibaki hapa itaoza kama muhogo usiochimbwa." Baba akacheka, mimi nikaenda chuo. Nilipomaliza ulinipokea mwenyewe melini. Ukanikalisha kiti cha kulia, wewe ukakaa cha kushoto, ukanifundisha kazi ambayo nyumbani hakuna aliyeielewa. Mama aliuliza, meli isiyotia nanga na isiyokwenda inafanya nini? Ulimweleza vizuri. Wazamiaji wako chini wanatengeneza bomba, wanapumua kwa mipira ya hewa inayotoka melini. Meli ikisogea, inawaburuta. Basi kompyuta inaisukuma meli huku na huku ili ibaki palepale, na sisi tunaichunga kompyuta isidanganyike. Mama akasema, "Kumbe mnamlinda mlinzi." Ulilipenda neno lile. Ulilirudia kwa kila mgeni aliyepanda.

Hapo ndipo mema yanapokwisha.

Asubuhi ile bahari ilikuwa shwari. Chini alikuwako Denis, mtoto wa Mwalimu Rose wa Wete. Wazazi wake walitoka bara, lakini yeye alizaliwa Wete na Kipemba chake kinatushinda sisi wenyewe. Meli ilikuwa na vipimo vitatu vya kujua ilipo: viwili vya setilaiti, na kimoja kifaa kilicholazwa chini ya bahari, kinapiga mlio na meli inausikiliza. Alamu ikalia. Kile cha chini hakikubaliani na vile viwili.

Tangu alfajiri alamu zilikuwa zikilia, nyingi za upuuzi, nawe ulikuwa ukizizima bila kuzisoma, kama mtu anayefukuza nzi. Hii uliisoma nusu. Ukasema kifaa cha chini kimeharibika. Mimi niliona kitu kingine. Upepo hakuna, mkondo hakuna, lakini mashine zinasukuma kwa nguvu. Zinashindana na nini? Vile viwili vilikubaliana kwa sababu vyote vinasikiliza setilaiti zilezile, na zikikosea vinakosea pamoja. Mashahidi wawili waliohadithiwa na mtu mmoja si mashahidi wawili. Nikasema, "Ami, tungoje kwanza." Hukunigeukia. Ulisema, "Kaa kimya, mwana. Haya nliyaanza wewe hujazaliwa."

Nikakaa kimya. Hilo ni langu na simbebeshi mtu. Nilikaa kimya kwa sababu ulikuwa ami yangu, na kwetu mdogo hamkosoi mkubwa mbele ya watu, na nahodha alikuwa amesimama nyuma yetu na kikombe chake cha kahawa. Ukabonyeza. Ukakitoa kwenye hesabu ya kompyuta kipimo kimoja tu kilichokuwa kinasema kweli. Meli ikaanza kuondoka ikidhani inarudi. Kwenye kioo tulionekana tumetulia kabisa.

Kisha sauti ya Denis kwenye spika. Hakupiga kelele. "Mnakwenda wapi?" Halafu tena, "Mnakwenda wapi, jamani?" Mpira wake ulikuwa umenasa kwenye chuma cha bomba, na mkono wake umo katikati. Wewe ulikuwa umeganda. Mimi ndiye niliyeikata kompyuta, nikaishika meli kwa mkono, nikairudisha taratibu kwa kukifuata kifaa cha chini, huku nikisema naye: "Nakuja, Denis. Nakuja." Alipanda akiwa hai. Mkono wa kushoto waliukatia hospitali, chini ya kiwiko.

Na kwenye ripoti ukaandika kuwa ni mimi niliyekitoa kipimo, bila ruhusa yako. Nahodha akasema hakuona nani alibonyeza. Uliniita kantini ukaniambia, "Saada, mimi nimebakisha kidogo nistaafu. Wewe kijana, utasimama tena." Ulisema kwa upole, kama mtu anayetoa ushauri. Nikakuuliza, kwa hiyo? Ukajibu, "Ndugu hawavuani nguo sokoni." Nilitoka uchi mimi, Ami. Hilo hukuliona.

Cheti changu kikasimamishwa. Nikarudi Gando kulima muhogo na mama. Baba aliposikia ukweli wangu akasema, "Mstahi ami yako." Watoto walinionyeshea kidole, ndiye huyo aliyemkata mtu mkono. Mwalimu Rose tulikutana sokoni Wete, nikamwamkia, akapita. Nawe ukaja kwetu siku ya Idi na halua, ukanipa mkono. Niliupokea kwa sababu baba alikuwa ananitazama. Hata leo najiona nauosha mkono ule.

Kisha kiharusi kikakuchukua kwa siku mbili, kabla sijapata kukuuliza chochote.

Sasa sikiliza ambayo hukuyakuta. Aliyeikataa ripoti yako ni Denis. Mwenye mkono uliokatwa ndiye aliyesema, yule aliyenirudia hawezi kuwa ndiye aliyeniacha. Aliwaandikia wachunguzi mara tatu, kwa mkono mmoja, mpaka wakafungua kumbukumbu za kompyuta. Na kompyuta huandika kila kitufe kilichobonyezwa, na kimebonyezwa kutoka kiti kipi. Kiti cha kushoto. Ilikuwa imeandikwa humo siku zote. Wewe ulijua, maana ndiwe uliyenifundisha kuzisoma kumbukumbu zile. Ulijua pia kwamba hakuna atakayefungua. Ripoti ikishaandika "kosa la binadamu", na binadamu mwenyewe ni msichana wa Gando, nani ahangaike?

Cheti kimerudi. Nafundisha chuoni huko bara, kazi hiihii. Alamu za upuuzi tumezipunguza, za hatari tumezipa mlio wake peke yake. Hakuna anayetoa kipimo peke yake. Mmoja anasema kwa sauti anataka kufanya nini na kwa nini, mwenzake anajibu ndiyo au hapana, na hapana ya mdogo inasimamisha kazi nzima hata kama mkubwa ni nahodha. Wanafunzi wanaona haya. Kuna watu wazima wanatokwa jasho kwa neno hilo moja. Nawasimamisha waliseme mpaka litoke. Na "kosa la binadamu" siruhusu liandikwe likaishia hapo. Andika aliona nini. Andika alisema nini. Andika nani alimnyamazisha.

Mwezi uliopita, nilipokuwa nyumbani likizo, mkeo, Bi Time, alikuja Gando. Alikaa mkekani na mama, akanishika mikono, akasema, "Msamehe mwenzio, Saada. Asilale kaburini na haki ya mtu." Nikamwambia haki hii si yangu peke yangu. Tukaenda naye Wete kwa Denis. Bi Time akaomba alichokuja kuomba. Denis akasema, "Mkono nimemsamehe, Bi Time, zamani. Ule uongo si wangu kuusamehe." Wote wawili wakanigeukia. Mwalimu Rose naye alikuwa mlangoni na sinia la chai.

Nikasema bado.

Bi Time alilia. Nilimrudisha Vitongoji mwenyewe, nimemshika mkono njia nzima, lakini neno sikulibadili.

Basi nakuaga, Ami, bila ya kukudanganya. Baba ananisihi nisilitaje jina lako darasani. Nalitaja. Nasema Faki alikosea, Faki alisema uongo, na nasema pia kuwa bila Faki nisingeiona bahari ila kutoka pwani. Yote matatu ni kweli na sikufichii hata moja. Nakuahidi hili: sitakusamehe kwa kuona haya, wala kwa kuwa umekufa. Siku nitakapokuwa nimekusamehe kweli nitakwenda kwa Bi Time mchana, baba akiwapo, niseme kwa sauti wasikie. Isipofika siku hiyo, sitakwenda.

Mtoto wa kaka yako,
Saada