Mpelelezi Hakumwuliza Mama

Katubuka, Kigoma
Jumapili, baada ya misa

Wifi yangu Joanitha,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Newala, wewe na shemeji na watoto, na kile kifua chako kilichokuwa kinakusumbua wakati wa baridi kiwe kimetulia. Mimi nipo. Nakula, nalala, naamka, na Mungu anasaidia. Huku mvua zimekuja vizuri, maharage ya Simbo yamestawi, ila maji ya ziwa yamepanda tena mpaka kwenye vibanda vya Kibirizi.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi zama hizi za simu. Nimempa jirani yangu Winfrida anayesafiri kuja huko kusini, pamoja na dagaa na chupa ya mawese. Simu nimeiogopa, wifi. Kila tukifika kwenye habari za Mama unaniambia mtandao unasumbua, halafu unakata. Karatasi nayo unaweza kuichana, lakini angalau utakuwa umeisoma kidogo.

Basi nianze na Mama mwenyewe. Hali yake si nzuri. Daktari alituambia tumrudishe nyumbani, ale anachokipenda, na wewe ni nesi, huhitaji kuelezwa maana ya maneno hayo. Yupo kitandani pale Simbo, mwepesi hata mimi peke yangu namgeuza. Nakumbuka uliapa kwamba hutakanyaga Simbo maadamu ule mgomba umelala pembeni ya kaburi la baba yenu. Nakuandikia kwa sababu ya kiapo hicho. Soma mpaka mwisho, halafu unichukie baadaye ukitaka.

Krismasi uliniuliza kwa utani ni pepo gani limeniingia, mtu niliyekuwa nawaliza wasomaji kwa hadithi za harusi na mahaba, sasa naandika maiti na polisi. Nilikujibu kwa vile vikatuni vya kucheka kwenye simu. Leo nakujibu sawasawa.

Mume wangu Nickson alipovuka ziwa kwenda Kalemie na magunia yake ya chumvi, mimi nilikuwa katikati ya hadithi. Wapenzi wangu walikuwa wamegombana na mwanamume alikuwa ameondoka kwa hasira. Ilibaki sura moja tu arudi, agonge mlango, waombane radhi. Ndipo ikaja habari ya boti iliyopinduka wakati wa kurudi, na waliookoka wakasema wanadhani naye alikuwamo. Wanadhani! Mwili haukuonekana, wala kiatu. Baada ya hapo, wifi, kila nilipokaa kuandika yule mwanamume arudi nyumbani, mkono uligoma. Nilimfikisha njia panda, nikamfikisha uani, lakini mlangoni hakufika. Nikajua kwamba mapenzi yamenishinda kuyaandika. Hadithi ya upelelezi ni nyingine. Humo mtu anaruhusiwa kuwa amepotea tangu ukurasa wa kwanza, na yupo anayelipwa mshahara kwa kazi ya kumtafuta.

Feliksi, yule anayenichapia vitabu kwenye stesheneri yake kule Ujiji, alinikatisha tamaa kweli. Alisema watu wa Ujiji wanataka mapenzi, maiti wanazo za kwao. Sikumsikiliza. Nikamtunga Inspekta Eliakimu, nikampa kazi ya kumtafuta mfanyabiashara aliyepotelea ng'ambo ya ziwa. Kila mahali nilipokwenda mimi kuulizia, nilimpeleka na yeye. Kama nilifukuzwa na nahodha, naye alifukuzwa na nahodha. Ulikuwa ujinga, lakini ujinga huo ndio ulionishikilia nisianguke.

Ndipo Mama akaanza maneno ya kuzika mgomba. Nilimkatalia, wewe ukamkatalia kwenye simu, yeye akawa jiwe. Hukuwepo, kwa hiyo nikusimulie. Wazee walikata mgomba mchanga ambao haujazaa, wakauvisha shati la Nickson, lile la mistari, wakausitiri kwa sanda. Katekista alikuja kama jirani tu, msalaba aliuacha nyumbani. Mimi nilinyolewa nywele, na tulipoanua matanga wazee waliniambia mbele ya watu kwamba niko huru, nikipata mtu niolewe. Walikumbusha pia lile sharti la ukoo wenu, kwamba aliyezikwa kwa mgomba haingii tena kwao. Akirudi, anarudi na kifo. Mama alilia siku ile mpaka sauti ikakauka. Wewe ulimpigia simu ukamwambia amemwua mwanae kwa mkono wake, na tangu hapo hujaongea naye. Nami, nikuambie ukweli, moyoni nilikuwa upande wako. Nilimwona mwanamke mwenye haraka ya kuzika.

Hata hivyo sikuacha kwenda. Jumamosi hupanda kwenda Simbo kumsomea, kwa maana macho yake yana mtoto wa jicho. Unajua alivyokuwa enzi za hadithi za mapenzi. Alikuwa anaziba mdomo kwa kanga, ananiita mtu asiye na haya, halafu anataka nirudie palepale. Za Eliakimu hakuzicheka. Alikuwa anachagua maharage huku akisikiliza, na baada ya muda nikaona mikono imesimama. Siku moja akasema kwamba mpelelezi wangu huyo hana akili. Ameuliza manahodha, ameuliza polisi, ameuliza wanawake wa soko zima, mbona mama wa mtu hajamwuliza?

Nilicheka, wifi. Nilimwambia asante, hilo ni wazo zuri, nikarudi Katubuka nikaliandika. Nilimkalisha Inspekta Eliakimu na mama wa yule mfanyabiashara, nikamfanya mama alie, aseme hajui kitu, mwanae alikuwa mtoto mwema. Jumamosi iliyofuata nikamsomea. Niliona imekaa vizuri na nilingoja sifa.

Mama aliweka maharage pembeni. Kisha akasema sivyo. Nikamwuliza sivyo nini. Akasema huyo mama anajua. Aliniambia nifute, niandike kwamba mwanae alimpigia simu.

Sikuelewa, wifi, au sikutaka kuelewa. Nilimwuliza alipiga lini, kama vile tunazungumzia watu wa kwenye kitabu. Akajibu kwamba ilikuwa kabla ya mgomba. Hapo akashika mkono wangu, akaniita mwana wanje, mwanangu, kama anavyokuita wewe, na akaniambia yote.

Nickson yu hai. Kaka yako yupo Kalemie na mwanamke mwingine, na wana mtoto ambaye alikuwa anatembea tayari siku boti ilipopinduka. Yeye hakupanda boti ile. Alisikia watu wanamhesabu na waliokufa, akaona njia imefunguka. Alimpigia Mama akamwomba atuache tuamini hivyo hivyo. Mama anasema alimsihi kwa kila jina la Mungu arudi aniambie mwenyewe, hata kama ni kunipa talaka. Akakataa. Alisema hawezi kuniangalia usoni.

Nilimwuliza Mama kwa nini hakuniambia. Alisema aliwaza sana. Mjane hupewa pole, mwanamke aliyeachwa huchekwa. Alisema pia kwamba ananijua, ningeambiwa yu hai ningemfuata, na kama nisingemfuata ningemngoja mpaka nikazeeka. Alikuwa ananiona nashinda Kibirizi nikitazama kila boti inayotia nanga, nimekonda, macho yameingia ndani. Akaamua kwamba mimi ni mtoto wa watu, na kosa ni la mtoto wake, basi hasara iwe ya kwao. Akawaita wazee. Hakuwaambia kitu. Alijua kabisa kwamba akishamzika kwa mgomba, mwanae hatakanyaga tena pale nyumbani, wala yeye hatamwona mpaka anaingia kaburini. Na ile laini ya simu aliyokuwa anampigia aliivunja kwa meno, asije akalegea.

Kwa hiyo siku ile alipokuwa analia, wifi, alikuwa analia kweli. Sisi sote tuliokuwapo tulikuwa tunalilia mtu tusiyejua kama amekufa. Yeye peke yake alijua ni nini anachokizika.

Nilikasirika. Nilishuka Katubuka, na Jumamosi mbili tatu sikwenda. Nilimtukana Nickson peke yangu ndani mpaka jirani akagonga ukuta. Nilimkasirikia Mama pia, kwa kunifanya nivae nguo nyeusi kwa ajili ya mtu anayekula ugali wake Kalemie. Halafu hasira ikaisha, ikabaki huzuni tu, na huzuni yenyewe wala haikuwa ya Nickson. Niliporudi Simbo nilimkuta hawezi tena kuinuka kitandani.

Nilimwuliza kama anataka nimtafute Nickson aje. Namba yake ingenichukua siku moja tu kuipata, watu wa chumvi wanajuana. Alikataa. Alisema hawezi kumfanya mtu kuwa maiti na kumfufua kwa kujifurahisha yeye. Nilipomwuliza kuhusu wewe, alinikataza kabisa kukuambia. Alisema mpe dada mtu nafasi ya kumkumbuka kaka yake kwa wema, mimi mama yake acha anichukie, nimezoea. Nilimwahidi. Leo ahadi hiyo nimeivunja, na sijutii.

Sikuombi umsamehe Nickson, hata mimi sijui kama nitaweza. Sikuombi pia uongee na mtu yeyote habari hizi, wazee wasijue, ukoo usijue. Ninachokuomba ni kimoja. Mama alijaliwa watoto wawili. Mmoja amemzika akiwa hai kwa ajili yangu mimi, mtoto wa mtu mwingine. Wa pili ni wewe. Nikikaa kimya kutunza ahadi, atakufa kama mwanamke ambaye hakuzaa, nami nitakuwa nimemkosesha wote wawili. Njoo, wifi. Omba ruhusa kazini, panda basi, njoo. Hata usipomwambia kwamba unajua, kaa tu pale kitandani umshike miguu, huwa inapata baridi.

Msalimie shemeji. Wanangu wabusu, waambie mkaza mjomba wao wa Kigoma anawakumbuka. Majirani wa Simbo wote wanakusalimu kwa Kiha, mwakeye sana. Mama hajakutumia salamu, kwa sababu hajui kama nakuandikia. Ila jana aliniomba nilitoe nje lile godoro la chumbani kwako, nilianike juani.

Nimelianika.

Mimi wifi yako,
Leonida